Mbona asteroidi hazifanani rangi na vimondo?

Swali: Tunaambiwa vimondo vingi ni vipande vya asteroidi. Mbona mwanga unaoakisiwa na asteroidi, ukipimwa kwa darubini, haulingani na ule wa vimondo vilivyoko maabara?

Jibu: Kwa sababu darubini huona ngozi tu, na ngozi ya asteroidi imechakaa. Asteroidi za kundi S, yaani zile za mawe, zilishukiwa kwa miaka mingi kuwa chimbuko la kondraiti za kawaida, vimondo vinavyoanguka kwa wingi kuliko vyote. Tatizo ni kwamba zilionekana nyekundu kupita vimondo vyenyewe, na mabonde ya spektra (sehemu za mwanga zilizofifia kwa kufyonzwa na madini) yanayotambulisha madini ya olivini na pairoksini yalikuwa hafifu.

Ubishi ulimalizwa na chombo cha Japani, Hayabusa, kilichorudi mwaka 2010 na vumbi la asteroidi Itokawa. Madini yake yalikuwa yale yale ya kondraiti za LL, tawi mojawapo la kondraiti za kawaida. Ila chembe nyingine zilikuwa na utando usiofikia hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, ndani yake mna vipunje vya chuma. Upepo wa jua na vijiwe vidogo vinavyogonga uso wa asteroidi ndivyo vinavyoleta hali hiyo, na kiasi kidogo tu cha chuma cha namna hiyo chatosha kugeuza rangi. Kimondo hakifiki chini na utando huo: sehemu yake ya nje huyeyuka kikipita kwenye angahewa.

Dunia nayo ina lawama. Gramu 5.4 zilizoletwa kutoka asteroidi Ryugu mwaka 2020 zinakaribiana sana kikemia na vimondo vya CI, kundi mojawapo la vimondo vyenye kaboni. Hiyo I ni ya Ivuna, Tanzania, kilikoanguka kimondo kimoja cha kundi hilo mwaka 1938. Lakini vimondo vya CI vina chumvi za salfeti, na Ryugu haikuonyesha. Inaelekea unyevu wa hewa yetu ndio uliozitengeneza, tena baada ya mawe kuanguka. Kwa hiyo kipimo tulichokitegemea kabatini kilikuwa kimebadilika bila sisi kujua! Isitoshe, mawe dhaifu yenye vinyweleo vingi, kama mengi ya Ryugu na ya asteroidi nyingine, Bennu, husambaratika hewani, hivyo mkusanyiko wetu umeelemea mawe magumu.

Ukilinganisha spektra mwenyewe, usihangaike sana na wekundu. Angalia mabonde yaliyo karibu na urefu wa wimbi la mwanga wa maikromita 1 na 2 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) yamekaa wapi hasa. Kuchakaa hupunguza kina chake, lakini mahali pake hapasogei sana.