Kitundikio cha taulo kinang'oka ukutani, tufanyeje?

SWALI: Ndugu mhariri, tunaishi Tanga katika nyumba ya tofali za saruji, na bafu letu limebandikwa marumaru hadi darini. Kitundikio chetu cha taulo kimeshang'oka mara mbili. Mara ya kwanza fundi alipigilia vijiti vya mti kwenye matundu akarudishia skrubu zilezile. Mara ya pili kilitoka na kipande cha marumaru, mama mkwe wangu, ambaye ni mtu mzima sana, alipokishika ili ainuke. Namshukuru Mungu hakuanguka. Je, kibovu ni kitundikio au ni ukuta, na tukifunge vipi kidumu?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Dada yetu, poleni sana, na umfikishie mama shikamoo zetu. Kwa maelezo yako, kosa liko kwenye skrubu na kile kilichozishika. Marumaru ya ukutani huwa na unene wa milimita 8 hivi, nyuma yake kuna saruji iliyoibandika, kisha lipu ya milimita 15 au zaidi, kwa hiyo skrubu husafiri karibu sentimita 3 au zaidi kabla ya kuligusa tofali. Skrubu fupi zinazokuja ndani ya boksi la kitundikio mara nyingi huishia kwenye lipu, ambayo haikukusudiwa kubeba kitu. Kijiti cha mti nacho hakifai kabisa bafuni, maana hufura kikilowa na kusinyaa kikikauka, hadi tundu linakuwa pana kuliko lilivyokuwa.

Nunueni fisha za milimita 8, yaani vile vipande vya plastiki vinavyotangulia kwenye tundu ili skrubu ipate kung'ang'ania, pamoja na skrubu za chuma kisichoshika kutu zenye urefu wa milimita 60 hadi 70. Katika mji wa pwani kama wenu hili la kutu si la kupuuzwa, kwani hewa ya chumvi huzila skrubu za kawaida upesi, na dalili ya kwanza huwa ni michirizi ya kahawia chini ya kitundikio.

Matundu ya zamani yaacheni, na marumaru iliyovunjika ibadilishwe. Chagueni mahali papya, kiasi cha sentimita 120 kutoka sakafuni, pasiwe juu wala chini ya koki au bomba la mvua, kwa kuwa mabomba hupita humo ukutani yakiwa wima, wala pasiwe kwenye mstari wa swichi ya hita. Gongeni marumaru kwa sarafu. Ikilia kama kitu kitupu, saruji haikujaa nyuma yake na itapasuka ikitobolewa, basi sogeeni hadi mpate inayotoa sauti nzito. Wekeni alama za pande zote mbili kwa pimamaji, mbali na kingo za marumaru.

Fundi abandike tepu ya karatasi juu ya alama ili ncha isiteleze, na aanze polepole, drili ikiwa imezimwa mtindo wa kugonga. Hapa ndipo mafundi wengi wenye haraka huharibu kazi, kwa sababu kule kugonga ndiko kunakopasua marumaru. Vumbi litamwonyesha alipofika: kwanza hutoka la marumaru yenyewe, jeupe au jekundu, halafu la kijivu lililo laini, na mwisho chembe za mchanga wa tofali. Akishaivuka marumaru anaweza kuwasha mtindo wa kugonga. Fisha isukumwe mpaka ipite nyuma ya marumaru, kwa maana ikitanukia ndani yake huipasua, na tone la silikoni litiwe kwenye tundu kabla ya skrubu ili maji yasipenye.

Jambo lililonigusa zaidi katika barua yako ni mama. Taulo kubwa kavu lina uzito wa nusu kilo hivi, na hata likilowa chapachapa halifikii uzito wa mtu anayejiinua. Kitundikio, hata kifungwe vizuri namna gani, hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mfungieni chuma maalumu cha kushikia, chenye skrubu tatu kila upande, kiasi cha sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Viwango vya Marekani hutaka chuma cha namna hiyo kihimili kilo 113. Hadi kitakapofungwa, ondoeni kitundikio kilicholegea ili asikishike kwa mazoea, na muwekeeni kiti kizito kisichoteleza.

SWALI: Mwenye nyumba wangu haruhusu kutoboa ukuta. Je, vitundikio vya kubandika vinafaa?
Mpangaji, Mombasa

JIBU: Vinafaa kwa taulo moja au mbili nyepesi, mradi ukuta uwe na marumaru laini inayong'aa, kwenye rangi vitashuka vikiwa vimebeba rangi yenyewe. Futa mahali hapo kwa spiriti, pakauke, bandika, ukandamize kwa nguvu, kisha ukae saa 24 bila kutundika kitu wala kuoga kwa maji ya moto, kwa sababu mvuke huidhoofisha gundi ambayo haijashika.