Kriketi ya wikendi kwenye jua la Kisumu: panga kivuli kabla ya kupanga wapigaji

Timu za ridhaa za huku kwetu Kisumu hubishana wiki nzima kuhusu nani atafungua zamu ya kupiga na nani atapewa mpira mpya, ilhali kati ya Januari na Machi, kabla mvua za masika hazijashika kasi, mechi nyingi huamuliwa na swali ambalo halina anayelijadili: ni nani atakayekuwa kivulini, na saa ngapi? Nimekuwa nikiongoza timu ya walimu, mafundi na wafanyabiashara wanaocheza Jumapili, na nimefikia kuamini kwamba joto ni kazi ya nahodha kwanza. Chupa za maji hufuata baadaye.

Chukua mechi ya ova 40 kwa kila upande, ova moja ikiwa ni mipira sita inayorushwa na mrushaji mmoja. Timu isiyozembea hurusha takriban ova 15 kwa saa, kwa hiyo zamu ya kwanza ikianza saa tatu asubuhi itakwisha karibu saa sita kasorobo, na baada ya mapumziko ya chakula zamu ya pili itaanza saa sita unusu na kuendelea hadi saa tisa na ushei. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, katika kimo cha mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa tuko magharibi mwa nchi lakini tunafuata saa zilezile za Mombasa, jua letu hufika utosini karibu saa saba kasorobo mchana. Maana yake ni kwamba timu inayolinda uwanja katika zamu ya pili hupokea jua lote baya la siku hiyo. Sasa hesabu watu. Timu inayopiga huwa na wachezaji wawili tu juani, na wengine tisa wameketi chini ya mti au hema. Timu inayolinda huwa na wote 11 juani, na hakuna anayeweza kwenda kuketi.

Kwa sababu hiyo, nikishinda kura ya sarafu siku ya joto, huchagua kulinda uwanja kwanza. Najua wapo watakaonipinga, hasa wazee wanaokumbuka Februari 29, 1996 kule Pune, India, kwenye Kombe la Dunia, Kenya ilipopiga kwanza, ikapata mikimbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Ushindi ule hauna mfano, lakini timu ya taifa si timu ya watu waliotoka kazini Jumamosi jioni. Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ile ya pichi, yaani ule ukanda wa katikati ya uwanja ambao mpira hudunda mbele ya mpigaji: kwenye pichi ya nyasi, udongo hukauka na kupasuka kadiri siku inavyosonga, na anayepiga mwisho huteswa na mpira unaozunguka. Hoja hiyo ni ya kweli, na mkicheza kwenye nyasi iliyokwisha kuonyesha nyufa asubuhi, ipime upya. Lakini pale pichi inapokuwa ya zege iliyotandikwa mkeka, mpira hauna nyufa za kutegemea, na kinachochakaa mchana ni watu.

Ukishindwa kura na kulazimika kulinda mchana, gawa kazi upya. Katika mechi ya ova 40 kanuni ya kawaida humruhusu mrushaji mmoja ova nane, yaani moja ya tano ya zamu, kwa hiyo timu inaweza kukamilisha zamu kwa warushaji watano. Mimi siendi uwanjani siku ya joto nikiwa na wanaoweza kurusha chini ya saba. Mrushaji wa kasi mpe ova tatu, mwondoe akiwa bado ana nguvu, mrudishe baadaye. Ukisubiri akuombe kupumzika umeshampoteza kwa siku nzima, kwa maana vijana wetu hawaombi. Mrushaji wa mpira wa kuzungusha anaweza kuvumilia muda mrefu zaidi kwa kuwa hakimbii mbali kabla ya kuachilia mpira. Usisahau upepo pia. Mchana, upepo wa Kisumu hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, kwa hiyo nahodha ajue mapema ni upande gani wa pichi unaotazama ziwa: mrushaji wa kasi arushe upepo ukiwa mgongoni mwake, na wa kuzungusha aupokee usoni, mpira upate kuning'inia hewani. Walinzi wa mpakani, wanaokimbia sana, wabadilishane na wale wa karibu kila baada ya ova chache. Mlinda wiketi, anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mpira, hana wa kubadilishana naye kirahisi, naye huchuchumaa kila mpira akiwa na pedi na glavu nzito. Huyo apelekewe maji kabla ya nahodha.

Kuhusu maji yenyewe, kubalianeni na waamuzi kabla ya mechi kuanza. Mapumziko mawili ya kunywa katika kila zamu yanatosha, pamoja na ruhusa ya mchezaji wa akiba kuingia na chupa kila wiketi inapoanguka, yaani mpigaji anapotolewa. Kwa wanaotoka jasho jingi, changanyeni lita moja ya maji safi na vijiko sita vidogo vya sukari pamoja na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vya kusawazishwa. Soda baridi haifanyi kazi hiyo. Chakula cha mchana kiwe ndizi, machungwa, tikitimaji na mkate kidogo. Samaki wa kukaanga na ugali wa kushiba vina heshima yake, lakini heshima hiyo huanza baada ya mechi.

Wageni kutoka Nakuru hukosea jambo moja wanapokuja kwetu: hudhani joto letu ni kama la kwao. Mji wao uko juu, karibu mita 1,850, hewa ni kavu na jasho hukauka mara moja, kwa hiyo mtu huchomwa na jua bila kujihisi amechemka. Kwetu unyevu wa ziwa huacha jasho likitiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Shati jeupe la mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana vinafaa miji yote miwili, ila huku mpigaji aongeze glavu za akiba, maana zilizolowa humfanya ashindwe kushika gongo barabara.

Kuna dalili ambazo nahodha hapaswi kuzijadili na mchezaji. Msuli kukaza, kichwa kuuma na kizunguzungu vinatosha kumtoa mtu akae kivulini na kunywa. Akianza kuyumba, kuongea maneno yasiyoeleweka au kuanguka, hiyo ni dharura ya hospitali, hata kama bado anatoka jasho. Anza kumpoza papo hapo: mvue pedi na helmeti, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa leso zilizolowa, huku mwingine akitafuta gari. Kumpakia kwenye gari akiwa bado anawaka ni kupoteza dakika zenye thamani kubwa kuliko zote.

Wakumbukeni pia waamuzi wawili, ambao mara nyingi ni watu wazima kuliko wachezaji, na ambao husimama juani zamu zote mbili. Timu mwenyeji iwatengee viti, kivuli na maji yao wakati wa mapumziko. Na ikiwa wiki nzima imekuwa ya joto kali, mpigie nahodha mwenzako simu kufikia Alhamisi mkubaliane kupunguza ova hadi 30, au kuanza saa mbili asubuhi. Asubuhi ya mechi hakuna anayekubali.