Nabii, mganga na kadi yako ya kliniki: majibu kwa wasomaji

Wiki hii nimeweka kando maswali ya lishe na presha. Ujumbe mwingi uliofika ni wa jambo moja: manabii, mitume na waganga wanaodai kuona yaliyofichika na kuponya yaliyoshindikana. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016 mji umepokea wageni wengi wasio na ndugu karibu. Kila mtaa mpya una turubai na spika zake, na nguzo za umeme zimebandikwa namba za wanaotoa majini na kurudisha wapenzi. Majina ya waulizaji nimeyaficha, nimeacha mahali walipo tu, mwishoni mwa kila swali. Najibu kama muuguzi mstaafu na kama muumini.

Shikamoo mama. Mdogo wangu wa kike anaishi na VVU. CTC, kliniki ya VVU, walimwambia virusi havionekani. Nabii akamsimamisha mbele atoe ushuhuda kwamba amepona, na sasa hataki dawa. Nikimsihi anasema namvunjia imani. Nifanyeje? Nkuhungu.

Marahaba mwanangu. Tuanze na jibu la CTC, maana ndilo lililotumiwa kumpotosha. Kipimo kile kinahesabu wingi wa virusi kwenye damu. Mtu anayemeza ARV, yaani dawa za VVU, kila siku bila kuruka, virusi hupungua mpaka mashine haivioni. Ni habari njema sana: anaishi miaka mingi, na akidumu hivyo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Lakini virusi vimejificha ndani ya chembe za mwili wake. Dawa ikikoma vinazaliana upya, mara nyingi ndani ya wiki chache, na mtu anayeacha na kurudi, kuacha na kurudi, anaweza kuvifanya sugu.

Kwa hiyo karatasi ya mdogo wako ni ya kweli. Nabii alichukua kazi ya vidonge, akajipa sifa yeye, kisha akaviondoa vidonge vyenyewe. Hapo ndipo ninapokasirika.

Wenye umri wangu tunakumbuka mwaka 2011, kikombe cha dawa ya mitishamba cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, kule Samunge, Loliondo. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa walitolewa wodini wakapandishwa kwenye mabasi, wengine wakafia njiani kabla ya kufika kwa Babu. Kikombe kilikuwa shilingi 500 tu, na sitasema mzee yule alitafuta utajiri. Lakini ugonjwa haujali nia ya anayetoa dawa. Waliotupa ARV baada ya kunywa walirudi kliniki wakiwa wamekonda na kifua kikuu juu yake, na wengine hawakurudi kabisa.

Usibishane naye kuhusu Mungu. Mwambie aendelee na ibada na aendelee na vidonge, nenda naye CTC, semeni wazi ameacha tangu lini. Hawatamfukuza. Waombe awaone washauri wanaoishi na VVU wenyewe. Neno lao litamwingia kuliko langu. Kama ni mjamzito au ananyonyesha, mpeleke leo.

Mimi si mtu wa kuamini kirahisi. Lakini mkutanoni nabii aliniita kwa majina yangu yote, akasema mama anaumwa miguu na nyumbani kuna ugomvi wa kiwanja. Hatujawahi kuonana. Alijuaje? Kibaigwa.

Jikumbushe ulivyoingia. Ulijaza karatasi ya mahitaji ya maombi? Uliacha namba ya simu? Ulikaa na mama mkarimu aliyekuuliza umetoka wapi na unaombea nini? Laini yako imesajiliwa kwa majina ya kitambulisho. Mtu mwenye namba yako akianza kukutumia pesa kwa simu, jina la usajili linatokea kabla hajathibitisha. Anaghairi, hajatumia hata senti moja, na jina amelipata. Picha za familia ulizoweka Facebook zinamalizia. Hiyo ndiyo kazi ya wapambe.

Kwa miguu ya mama na kiwanja hata mpambe hahitajiki. Mama wa mtu mzima asiyelalamika miguu, mgongo au presha ni nani? Na Dodoma hii, ambako mashamba ya jana yamepimwa viwanja leo, ni ukoo gani usio na mgogoro wa ardhi? Anarusha neno, anatazama uso wako, anaona uliposhtuka, anachimba hapo hapo. Aliyokosea unayasahau kabla ya kufika kituo cha basi, na aliyopatia unayasimulia mwaka mzima.

Ujanja huu umeshafichuliwa mbele ya watu. Huko Marekani mhubiri Peter Popoff alikuwa akiita wagonjwa kwa majina, akitaja mpaka anwani zao. Mwaka 1986 James Randi, mwanamazingaombwe aliyejitolea kuwafichua watu wa namna hii, aliingia na wenzake mikutanoni wakiwa na chombo cha kunasa mawimbi ya redio. Wakainasa sauti ya mke wa mhubiri akimsomea kadi za maombi walizojaza waumini wenyewe, na yeye akimsikia kwa kifaa kidogo sikioni. Randi aliicheza sauti ile kwenye televisheni, taifa zima likasikia.

Ukitaka kupima, rudi siku nyingine usijaze karatasi, usitoe namba wala kuzungumza na mtu, kisha usikilize kama maono yatakufikia.

Mtoto wa kaka yangu alifariki ghafla. Baba akaenda kwa mganga, ramli ikamtaja shangazi yetu, mzee wa zaidi ya miaka 70 mwenye macho mekundu. Vijana wa ukoo wanaongea maneno mabaya. Naogopa. Bahi.

Huyu nilimpigia simu siku hiyo hiyo, kwa kuwa jambo hili halingoji gazeti. Nalirudia hapa kwa wengine walio katika hali kama yake.

Kwanza shangazi asilale pale. Mpelekeni kwa ndugu mnayemwamini, mbali na vijana wale. Pili, toeni taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi kata, mtaje waliotoa vitisho. Msione aibu kwamba ni mambo ya ukoo. Mauaji ya vikongwe katika nchi hii huanza kwa maneno ya namna hiyo, na mara nyingi kuna mganga aliyetaja jina. Januari 2015, baada ya mauaji ya wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi. Marufuku haisaidii kama ukoo wenyewe unampelekea mganga kuku na pesa.

Sasa macho. Bibi aliyepika kwa kuni katika nyumba isiyo na dirisha kwa miaka hamsini atakuwa na macho mekundu. Na sisi wa mikoa ya kati tuna jambo la ziada: ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, umetutesa vizazi na vizazi, na Kongwa umefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1980. Unaenea kwa mikono, nguo na nzi wanaotua kwenye uso wa mtoto mwenye tongotongo. Wanaoupata zaidi ni watoto na wanaowalea, kwa maana hiyo akina mama na bibi. Mtu akiambukizwa mara kwa mara, kope hukunjamana na nywele zake kugeukia ndani, zikawa zinakwaruza mboni kila anapopepesa. Jicho linakuwa jekundu, linatoa machozi, halivumilii mwanga. Naomba kila kijana wa ukoo huo asome sentensi hii: macho ya shangazi yenu yameharibika kwa sababu alilea watoto, wenu wakiwemo. Upo upasuaji mdogo wa kope unaookoa uoni uliobaki. Mpelekeni hospitali ya wilaya au Mvumi, ambako huduma ya macho ni ya siku nyingi.

Na ramli ilimpataje? Mganga alimuuliza baba yako nani hakuja msibani mapema, nani waligombana naye shamba, nani anaishi peke yake. Ramli huangukia penye kinyongo cha zamani. Kuhusu mtoto, keti na kaka yako umuulize dalili za siku mbili za mwisho: homa, degedege, kupumua kwa shida, kuharisha. Malaria kali na nimonia huondoa mtoto kwa saa chache, na walio hai katika nyumba ile wanahitaji mtu ajue kilichotokea.

Mafuta ya upako ya shilingi 20,000 yana madhara? Chang'ombe.

Ukijipaka kwenye ngozi isiyo na jeraha, kwa kawaida hapana. Usiyanywe, usiyatie jichoni wala kwenye kidonda. Ila kumbuka Moshi, tarehe 1 Februari 2020: watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Na 20,000 ni nauli ya kwenda na kurudi hospitali kwa wengi wetu.

Binti yangu ana miaka tisa, anaanguka kifafa. Kanisani wamesema ni pepo, wanamfungisha na kumkesheza. Kila akikesha pepo linadhihirika zaidi. Wanasema ni dalili linakaribia kutoka. Mpwapwa.

Mama, mrudishe mtoto nyumbani leo, mpe chakula, mwache alale. Unachokiona kina maelezo: kukosa usingizi huchochea kifafa, na njaa inamdhoofisha. Wanamnyima usingizi, anaanguka, wanaita ni pepo, wanamkesheza tena. Kila anguko refu linaweza kuudhuru ubongo wake.

Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Kinaweza kutokana na shida wakati wa kuzaliwa, malaria kali, kuumia kichwa, na katika maeneo yanayofuga nguruwe huria kama yetu, mayai ya tegu wa nguruwe yanayoingia tumboni kwa mikono au maji machafu, kisha viluwiluwi vyake vikafika kwenye ubongo. Povu haliambukizi. Akianguka ondoa vitu vya hatari na moto, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Zikipita dakika tano bila kutulia, mkimbize hospitali.

Dawa zipo na za kawaida ni za bei nafuu, watoto wengi wanatulia kabisa wakimeza kila siku. Nenda hospitali ya wilaya uulizie kliniki ya afya ya akili, kwa kuwa hapo ndipo kifafa hutibiwa. Wakishindwa watakupa rufaa Dodoma mjini. Usiogope jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Wanaokwenda pale ni wagonjwa wanaotibiwa, wengi wao wanarudi kazini na shuleni.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampatie mtoto matibabu. Wakija kumchukua tena kwa nguvu, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Unapigana na kazi ya Mungu. Yesu aliponya, na leo anaponya. Mwinjilisti, Kongwa.

Ndugu mwinjilisti, naomba nami, na nimeona wagonjwa wakipata nguvu kwa kuombewa kitandani. Hilo silipingi hata kidogo. Waliotangulia kuhubiri huku Ugogo walijenga na hospitali. Mvumi ni ya Waanglikana, Itigi kule Singida ni ya Wakatoliki. Hawakuona ugomvi kati ya sala na sindano. Luka anaitwa tabibu mpendwa. Wakoma kumi walioponywa waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa na kazi ya kukagua ukoma. Na Waislamu wanayo hadithi ya Mtume inayowahimiza kutafuta tiba.

Tena fungua Wafalme wa Pili, sura ya tano. Naamani amepona ukoma, analeta fedha na mavazi, nabii Elisha anakataa. Gehazi, mtumishi wake, anamkimbilia kwa siri na kuchukua. Unajua kilichompata: ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Nikuombe jambo moja: Jumapili, baada ya kuwaombea wagonjwa, tangaza kwa sauti ile ile kwamba asiache mtu dawa mpaka daktari wake amwambie. Hutapungukiwa chochote, na utaokoa watu ambao mimi siwafikii.

Nililipa laki nane kwa awamu, nikaambiwa niongeze kafara. Naweza kurudishiwa? Ipagala.

Usiongeze. Tunza ujumbe wote wa miamala na wa simu, nenda polisi ufungue malalamiko ya kujipatia fedha kwa udanganyifu. Kama ni mganga, uliza ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, yaani daktari mkuu wa serikali wilayani, kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kama ni kanisa, Msajili wa Jumuiya yupo hapa Dodoma na hatua huchukuliwa: Julai 2024 serikali ilifunga kanisa la mchungaji aliyejulikana kama Kiboko ya Wachawi huko Buza, Dar es Salaam, na kuwatoza watu fedha ili waombewe ilikuwa miongoni mwa sababu. Siwezi kukuahidi kwamba pesa itarudi.

Mama ana uvimbe kwenye titi tangu mwaka jana, hauumi. Mtume amesema ni kombora la kishirikina na asikubali kuguswa na kisu. Kondoa.

Uvimbe usiouma ndio unaopaswa kuwahishwa, kwa sababu kansa ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi. Si kila uvimbe ni kansa. Lakini upo tangu mwaka jana na hakuna aliyeupima. Mpeleke hospitali ya mji wa Kondoa, useme wazi: uvimbe kwenye titi, tangu mwaka jana. Watamchunguza na kuchukua kinyama kidogo kwa sindano, au watampa rufaa Hospitali ya Benjamin Mkapa. Beba kadi ya bima kama anayo, na karatasi zote za zamani. Akiogopa kisu, mwambie siku ya kwanza ni ya vipimo tu. Kaka zako wakikataa kutoa nauli kwa sababu mtume amekataza, uzeni mbuzi mmoja muondoke kwa basi la asubuhi.