Kinyesi cha Funza wa BSF: Kiache Kiive Kwanza

Tangu mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya dukani ya kupandia, ulipopita shilingi 6,000, wakulima wengi huku Kisumu wamekuwa wakiulizia mbolea ya wadudu, yaani ile inayotokana na kinyesi cha funza wa BSF. Mimi nalima sukuma wiki, managu na nyanya hapa Kajulu, na nyuma ya nyumba nafuga funza. Kila anayepita hapa huniuliza kama mbolea hiyo inafanya kazi kweli. Inafanya kazi, tena vizuri. Lakini kabla ya swali hilo kuna lingine ambalo watu hawaliulizi: imekaa muda gani tangu itoke kwa funza? Hapo ndipo miche ya watu inapoungulia.

Kwa ambaye hajawahi kumwona, BSF (black soldier fly) ni nzi mweusi, mwembamba, ukimtazama haraka utadhani nyigu. Haumi, wala haji jikoni kutua kwenye sahani, kwa sababu akishaota mabawa hana haja ya chakula tena. Anaishi siku chache, anataga mamia ya mayai, anakufa. Wanaokula ni funza wake, na hao wanakula kwelikweli. Mayai huanguliwa baada ya siku nne hivi, na kwa wiki mbili au tatu funza watamaliza chochote kinachooza utakachowapa. Wangu hula mabaki ya soko la Kibuye: kabeji zilizolegea, nyanya zilizopondeka, maganda ya ndizi, na maembe msimu wake ukifika. Wafugaji wa kuku na samaki huwataka funza wenyewe. Kinachobaki chini ya beseni baada ya kuchekecha ndicho ninachokizungumzia hapa.

Si kinyesi pekee. Mna mabaki ya chakula ambayo hayakuisha, na mna ngozi, maana funza hujivua mara kadhaa anapokua. Ngozi hizo zina kitu kiitwacho kaitini. Ikiingia shambani, vijidudu vya udongo vinavyokula kaitini huongezeka, na mayai ya ile minyoo inayotia mizizi ya nyanya vifundo nayo yamefunikwa na kaitini. Ndiyo maana mimi huitanguliza kwenye nyanya kabla ya zao lingine lolote. Samadi ya ng'ombe ina mengi mazuri, lakini hilo haina.

Sasa turudi kwenye kuiva. Chekecha leo, chukua konzi moja, unuse. Macho yatakuwasha. Hiyo ni amonia, harufu ileile ya zizi ambalo halijafagiliwa. Nitrojeni imo kwa wingi, ila imo katika hali ambayo mzizi mchanga hauiwezi, na mabaki yaliyomo bado yanaoza na kutoa joto. Ukiitia kwenye shimo na kupanda mche juu yake, kingo za majani hukauka kwanza, kisha mche unasimama tu bila kukua, na mwenye shamba anakimbilia kusema mbolea ya wadudu ni mbaya. Jirani yangu, mama mmoja anayelima kando ya mto, alikaribia kuiacha kabisa kwa sababu ya kitalu kimoja cha nyanya kilichoungua hivyo. Mbolea yake ilikuwa imetoka kwenye beseni jana yake.

Mimi huirundika mbolea chini ya paa, mahali palipoinuka ili maji ya mvua yasipite chini yake. Lundo lifike usawa wa kiuno. Likiwa dogo halipati joto. Unyevu napima kwa mkono: nalifinya donge, likishikana bila kudondosha maji basi liko sawa. Likimwagika kama vumbi, nanyunyizia maji kidogo huku nikigeuza. Likitoa maji katikati ya vidole, naongeza makapi makavu ya miwa, na huku karibu na Miwani na Chemelil makapi hayakosekani. Juu nafunika kwa magunia, si plastiki, ili lipumue. Nageuza mara moja kwa wiki. Wiki za mwanzo ukizamisha mkono katikati utautoa haraka kwa joto. Baada ya wiki tano hivi katikati huwa baridi kama pembeni, rangi imekuwa ya kahawia iliyokolea, na harufu ni ya udongo ulionyeshewa.

Usiamini pua peke yake. Loweka kijiko kimoja cha mbolea katika vijiko kumi vya maji, iache usiku kucha, chuja. Tandika karatasi ya shashi kwenye sahani mbili. Moja ilowe maji hayo, nyingine maji ya kawaida. Panga mbegu 20 za sukuma wiki kila sahani, funika, subiri siku nne. Sahani ya mbolea ikiwa nyuma sana, au mbegu zimechipua lakini vijizizi ni vifupi na vina ncha za kahawia, rudisha kwenye lundo wiki mbili zaidi. Jaribio hili halina gharama, na linafaa hasa kwa mbolea ya kununua, maana gunia halisemi lilifungwa lini. Muuzaji akikukataza kufungua na kunusa, nenda kwa mwingine.

Kuna desturi moja ninayoipinga kila ninapopata nafasi: kuchanganya mbolea hii na majivu au chokaa ndani ya lundo. Watu hufanya hivyo kuua harufu, na kweli hewa ya amonia huruka yote kwa siku chache. Lakini iliyoruka ndiyo nitrojeni uliyoifuga. Mashamba mengi ya magharibi yana asidi na yanahitaji chokaa, hilo sibishani nalo. Itie shambani peke yake, wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Kipimo. Kwa sukuma wiki na managu natia konzi mbili kwa shimo, nazichanganya na udongo hadi zisionekane, ndipo napandikiza. Nyanya hupata tatu, kisha nyingine moja kando ya shina maua yanapoanza. Kwa mahindi ni tani moja kwa eka, yaani magunia 20 ya kilo 50, na ninaijua hesabu yake kwa sababu watu hulinganisha na kifuniko cha soda cha DAP wanachotia kila shimo na kukata tamaa. Mfuko mmoja wa DAP una kilo 9 za nitrojeni. Mbolea ya funza huwa na asilimia 2 hivi, kwa hiyo tani moja ina kilo 20, zaidi ya mifuko miwili. Tofauti ni kwamba haitoki yote msimu mmoja. Kwa mwenye eka nzima ya mahindi na mabeseni machache, ushauri wangu ni kutia nusu ya DAP aliyozoea pamoja na kiasi alichonacho, na mboga zipewe kwanza. Usiinyunyize juu ya ardhi. Jua la Kisumu litaichukua kabla ya mzizi.

Chakula cha funza nacho ukiangalie. Mabaki ya soko huja na vipande vya plastiki, nyembe na vioo, navyo haviozi. Funza waliolishwa kinyesi cha watu au cha nguruwe, mbolea yao isiende kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Umoja wa Ulaya hutaka mbolea ya wadudu ipashwe moto wa nyuzi 70 kwa saa nzima kabla ya kuuzwa, na sababu ni vijidudu vya maradhi kama salmonela. Sisi wa mabeseni hatuna mashine hiyo, kwa hiyo joto la lundo ndilo tunalotegemea, nalo hufika kila sehemu pale tu unapogeuza.

Anayetaka kujifunza kwa macho, icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, wana kituo Mbita, na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo wana kitengo cha wadudu wa chakula. Na mwenye nia ya kupanda kwa mvua za Septemba, lundo lake liwe limefunikwa kabla Julai haijaisha.