Kabla ya kufungia anwani ya IP

Ukisimamia jukwaa la mtandaoni, ukamfungia mkorofi anayetumia data ya simu kwa anwani yake ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wake wa intaneti), mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kurudi. Anazima data, anaiwasha, anapata anwani nyingine, anafungua akaunti mpya. Wanaobaki nje ni watu wasiomjua kabisa.

Tatizo ni uhaba. Anwani za IPv4, mfumo wa zamani, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, hivyo kampuni za simu hutumia mfumo wa CGNAT: wateja wengi, pengine mamia, hutoka nje kwa anwani moja. Fungua mipangilio ya simu yako uangalie. Ukikuta IPv4 inayoanza na 10, au iliyo kati ya 100.64 na 100.127, jua kwamba anwani inayoonekana kwenye seva si yako peke yako. Mwaka 2007 ulipokuwa ukiingia, Wikipedia ilifungia anwani moja, 82.148.97.69. Kumbe karibu Qatar nzima ilikuwa ikipitia hapo.

IPv6, mfumo mpya wenye anwani tele, ina shida ya kinyume. Mteja mmoja kwa kawaida hupewa fungu zima la /64 (anwani zote zenye nusu ya mwanzo moja), na kifaa chake hubadilisha nusu ya mwisho ya anwani mara kwa mara, hata kila siku. Kufungia anwani moja hapo ni kutwanga maji kwenye kinu. Fungia makundi manne ya mwanzo: 2001:db8:15:7a::/64, wala si anwani kamili. Kwa IPv4 usiwe na haraka ya kupanua namna hiyo: /24 ni anwani 256, /16 ni 65,536, na nyuma ya kila moja huenda kuna mtaa mzima.

Kabla ya yote, hakikisha seva inasoma anwani ya kweli. Ikiwa iko nyuma ya proksi, yaani mpokezi wa wageni kwa niaba yake kama Nginx au Cloudflare, na haikupangwa vizuri, wageni wote wataonekana wametoka sehemu moja. Ukiifungia hiyo, umefunga mlango kwa kila mtu. Kichwa cha X-Forwarded-For (mstari wa ombi unaotaja anwani ya asili ya mgeni) kiamini tu kinapoletwa na proksi unayoijua, kwa sababu mtu yeyote anaweza kukiandika apendavyo.

Kazi kubwa ifanywe kwenye akaunti. Fungia akaunti kwanza. Machapisho ya mwanachama mpya, tuseme matano ya mwanzo, yapitie kwa msimamizi, na viungo vya tovuti (linki) asiruhusiwe kuweka mpaka hapo. Hiyo humchosha tapeli kuliko marufuku yoyote ya IP, maana VPN, huduma ya kuficha anwani, haimsaidii kitu. Mashambulizi yakizidi, zuia anwani husika kufungua akaunti mpya tu, kwa saa 6 hadi 24, huku wenye akaunti za zamani wakiendelea kuingia. Marufuku ya kudumu kwa anwani ya simu hayana maana: kesho itakuwa kwa mtu mwingine.

Na usimtuhumu mtu kuwa na akaunti mbili kwa sababu IP zimefanana. Bweni zima la chuo hufanana.

Kwenye ukurasa wa marufuku andika sababu, muda wa kuisha na barua pepe ya kukata rufaa. Kisha ujaribu kuufungua ukiwa kwenye anwani iliyofungiwa, kwa sababu fomu ya rufaa inayodai kuingia kwenye akaunti haimfai mtu aliyezuiwa kuingia.