Ubongo wa mtu mzima bado unabadilika
Ndugu yangu, umeuliza kama mtu wa miaka 40 aliyezoea kujiambia "mimi sifai" anaweza kubadilika. Anaweza kabisa. Mwaka 2000 mtafiti Eleanor Maguire na wenzake walipima ubongo wa madereva teksi wa London, watu wazima waliokariri maelfu ya mitaa, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu za mahali, ni kubwa kuliko ya watu wengine. Kadiri mtu alivyokaa kazini miaka mingi, ndivyo ilivyozidi.

Ila wazo baya usilifukuze, maana ukilikataza ndiyo kwanza linarudi. Liandike. Tuseme umemtumia bosi ujumbe WhatsApp, tiki zimekuwa bluu, kimya. Kichwa kinasema "ananifukuza kazi". Andika hivyo hivyo, kisha jiulize una ushahidi gani, na nini kingine kinawezekana: yuko kikaoni, anaendesha gari. Halafu mpigie mchana. Hapo kwenye kitendo ndipo wengi wanaporuka, na ndipo ubongo unapojifunza.

Habari za kwamba tabia hubadilika kwa siku 21 achana nazo. Utafiti wa Phillippa Lally, pia London, ulionyesha tabia mpya huzoeleka kwa kama siku 66, na kwa wengine makadirio yalifika 254. Kwa hiyo usijilaumu mapema.

Kama unawaza kujidhuru, au wiki zinapita huli wala hulali, usibaki na daftari peke yako. Nenda hospitali ukaonane na mtaalamu wa afya ya akili.