Kuchomelea Australia kwa viza ya kazi na likizo: saiti, karakana na zile siku 88

Mkuu, swali lako kwa ufupi: una miaka 29 na pasipoti ya Canada, ulijifunza kuchomelea Mombasa kabla ya kuhamia Toronto na sasa una cheti cha CWB, shirika la Canada linalopima wachomeleaji. Unataka kwenda Australia kwa viza ya kazi na likizo ufanye ufundi wako badala ya kuchuma matunda, na binamu yako wa Mombasa mwenye pasipoti ya Kenya anataka mwende pamoja.

Nianze na binamu kwa kuwa jibu lake ni fupi. Australia ina viza mbili za aina hii, namba 417 na 462, na kila moja ina orodha yake ya nchi. Hakuna nchi hata moja ya Afrika kwenye orodha hizo. Wakala yeyote wa Mombasa, Nairobi au Dar anayemwambia ana nafasi za viza hii anauza hewa. Njia ya binamu ni viza ya kudhaminiwa na mwajiri, namba 482, ambayo tangu Desemba 2024 inaitwa Skills in Demand. Hiyo inataka angalau mwaka mmoja wa kazi ya kutwa katika fani, Kiingereza cha kupimwa, na mwajiri aliyeidhinishwa kudhamini. Mtu akidai pesa ili atoe udhamini, hilo ni kosa kwa sheria ya Australia.

Wewe unaingia kwenye 417. Kwa nchi nyingi mwisho ni miaka 30, lakini Wakanada, Waingereza, Wafaransa, Wairishi, Waitaliano na Wadenishi wanaruhusiwa mpaka 35. Viza ya kwanza unaiomba ukiwa nje ya Australia, inakupa miezi 12, na unatakiwa uweze kuonyesha akiba ya kama dola 5,000 za huko pamoja na nauli ya kurudi. Kama bado una pasipoti ya Kenya pembeni, omba na usafiri kwa ile ya Canada, maana viza inafungwa kwenye pasipoti uliyoiombea. Halafu kuna swali ambalo watu wetu hulichukulia poa: umekaa wapi kwa zaidi ya miezi mitatu mfululizo ndani ya miaka mitano iliyopita? Kama ulirudi Mombasa ukakaa miezi minne, andika hivyo hivyo. Huenda ukaambiwa upige eksirei ya kifua kwa daktari waliyemteua wao, na jibu la viza litachelewa. Usikate tiketi kabla ya hapo.

Sasa ufundi wenyewe. Una bahati hukusomea umeme. Fundi umeme wa kutoka nje hupimwa ujuzi, hupewa leseni ya muda, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi miezi 12 huku akisoma kanuni za huko, ndipo apate leseni kamili ya jimbo. Viza isiyokuruhusu kukaa na mwajiri mmoja zaidi ya miezi sita haipatani na mpango huo, na wengi huishia kubeba ngazi. Kuchomelea vyuma vya kawaida vya ujenzi hakuna leseni ya jimbo. Unapimwa kwa mkono wako. Unachohitaji kwa saiti yoyote ya ujenzi ni White Card, mafunzo ya usalama ya siku moja. Kwa mitambo ongeza vyeti vya kufanya kazi kwenye kimo na kwenye sehemu finyu, kila kimoja kama siku moja.

Ukitafuta kazi usitafute neno "welder" peke yake. Huko fundi wa vyuma anayesoma mchoro, kupima, kukata, kuunga na kuchomelea anaitwa "boilermaker", hata kama hajawahi kuliona boila maishani. Tangazo likisema "trade qualified" wanamaanisha mtu aliyemaliza uanagenzi wa miaka kadhaa na ana cheti. Bila karatasi hiyo utachukuliwa kama TA, yaani msaidizi wa fundi, kwa malipo ya chini. Kwa hiyo beba barua za waajiri wa Toronto zinazotaja tarehe, saa kwa wiki, unene wa chuma, na aina ya uchomeleaji. Barua inayosema tu "ni mchapakazi hodari" haimsaidii mtu.

Hapa ndipo wengi hupoteza mwaka wao wa pili. Kupata viza ya pili unahitaji miezi mitatu ya kazi zilizotajwa katika maeneo yaliyotajwa, ndizo hizo siku 88. Ya tatu inataka miezi sita. Waingereza pekee wameondolewa sharti hili tangu Julai 2024, kwa hiyo usimsikilize rafiki wa London anayekuambia halipo. Ujenzi wa maeneo ya nje ya miji mikubwa unahesabika, na uchimbaji madini pia. Lakini kutengeneza vifaa vinavyokwenda kutumika saiti, kama zege na vyuma, hakuhesabiki. Maana yake: ukikaa karakanani ukaunganisha nguzo na boriti kwa miezi minne, umepata pesa na siku 0. Boriti zilezile ukienda kuzisimamisha, kuzifunga na kuzichomelea pale jengo linapoinuka, siku zinahesabika. Muulize mwajiri kabla ya kukubali: kazi iko karakanani au saiti, na posta kodi (namba ya posta ya eneo) ya saiti ni ipi? Kinachoangaliwa ni mahali unapofanyia kazi, si ofisi ya kampuni ilipo. Northern Territory, South Australia na Tasmania zimo zote, kwa hiyo Darwin, Adelaide na Hobart zinafaa. Sydney, Melbourne na Brisbane hazimo.

Kuhesabu nako kuna mitego. Ukifanya miezi mitatu kamili kwa mwajiri mmoja kwa saa za kazi za kutwa, wikiendi zimo. Ukirukaruka, hesabu siku ulizofanya kazi kweli mpaka zifike 88. Zamu ya saa 12 ni siku moja, si moja na nusu. Kila wiki hifadhi hati ya mshahara yenye namba ya biashara ya mwajiri, yaani ABN, na uandike kando posta kodi ya saiti. Usisubiri mwisho, maana kampuni ndogo hufungwa na makarani hubadilika.

Kuhusu miezi sita kwa mwajiri mmoja, kupitia wakala wa vibarua hakukwepeshi: anayehesabiwa ni yule unayemfanyia kazi. Ila ukihamishwa sehemu nyingine ya mwajiri huyohuyo, hesabu inaanza upya, na ujenzi wa kaskazini mwa nchi umeachiwa bila kuomba ruhusa. Kwa maoni yangu kazi inayoifaa viza hii kuliko zote ni ya mtambo unaposimamishwa kwa matengenezo, huko migodini na viwandani. Ni wiki mbili hadi nne, saa 12 kwa siku, kisha mnaagana. Mwajiri wa namna hiyo hana habari na viza yako itaisha lini.

Jaribio la kuchomelea. CWB yako haina nguvu ya kisheria huko, ingawa inamwambia msimamizi umewahi kupimwa. Wao hufuata AS/NZS 1554.1, kiwango cha Australia na New Zealand cha kuchomelea vyuma vya ujenzi. Mara nyingi utapewa mabamba mawili ya milimita 10 au 12, kingo zimekatwa mshazari zikifanya V ya nyuzi 60, yamesimamishwa wima, na mshono unapandishwa kutoka chini kwenda juu. Hapo ndipo mkono wa mageti ya Mombasa unapokusaliti. Tulizoea rodi 6013 (namba hutaja aina ya rodi) na kushusha mshono kwa sababu ni haraka na unapendeza. Kwenye jaribio hakutakiwi uzuri wa juu, kunatakiwa chuma kilichoyeyuka mpaka ndani.

Acha mwanya wa milimita 3 kati ya mabamba na pua ya ukingo, yaani sehemu ya chini isiyokatwa mshazari, ya milimita 1 hadi 2. Tabaka la mzizi, yaani la kwanza kabisa, piga na rodi 7018 ya milimita 2.5 kwa ampea 75 hadi 85. Za kujaza tumia ya 3.2 kwa ampea 105 hadi 115, rodi karibu na chuma, ukituama kidogo kila pembeni na kupita katikati upesi. Ukituama katikati tumbo linavimba na pembeni kunabaki mfereji, na mfereji ni alama ya kufeli inayoonekana hata bila kupimwa. Kila unapobadilisha rodi, saga mwisho wa mshono kwa grainda uwe mteremko kabla ya kuendelea. Watu wengi hufeli hapo: slagi, yaani ganda la uchafu la rodi, inanaswa kwenye kiungo cha rodi mbili, na bamba likikunjwa linapasuka mahali hapohapo. Vitundu mwanzoni mwa mshono kwa kawaida ni rodi yenye unyevu au kuianzisha kwa mbali. Rodi za 7018 hukaa kwenye oveni. Ukipewa kutoka boksi lililokuwa wazi mezani, omba nyingine. Hakuna atakayekuona msumbufu, kinyume chake.

Karakana nyingi hazitumii rodi tena bali MIG, mashine inayolisha waya yenyewe, ya waya wa milimita 1.2 wenye unga ndani. Kwa kupandisha, volti 23 hadi 25 na gesi lita 15 hadi 20 kwa dakika hukuweka karibu. Omba kipande cha kujaribia dakika tano kabla hujagusa bamba la mtihani.

Jambo jingine linawahusu sana wenzetu wenye ndevu. Tangu Januari 2024 kiwango cha moshi wa kuchomelea kinachoruhusiwa kimeshushwa kutoka miligramu 5 hadi 1 kwa mita moja ya ujazo ya hewa. Waajiri wengi sasa hutaka barakoa inayobana uso na hupima kama inaziba, na ndevu haziruhusu izibe. Dawa yake ni helmeti yenye feni ya kusukuma hewa safi na kofia isiyobana. Liulize siku ya simu ya kwanza, si siku ya kuripoti kazini.

Pesa: chukua namba ya mlipakodi, TFN, mara tu ukifika, ni bure. Mwajiri aliyejisajili kuajiri wenye viza hii anakukata asilimia 15 mpaka dola 45,000. Kima cha chini kuanzia Julai 2025 ni dola 24.95 kwa saa, na kibarua asiye na likizo huongezewa asilimia 25; fundi yuko juu ya hapo. Ukiambiwa "leta ABN yako", yaani ujiandikishe kama mkandarasi wa kujitegemea, wakati unapangiwa saa na unatumia mashine zao, wanakukwepea haki zako. Juu ya mshahara mwajiri huweka asilimia 12 kwenye mfuko wa uzeeni. Ukipata dola 1,500 kwa wiki kwa wiki 40, kwenye mfuko huo kuna 7,200. Ukiondoka nchini unadai, lakini wanakata asilimia 65, unabaki na 2,520. Inauma, ila idai. Canada haina mkataba wa matibabu na Australia, kwa hiyo lipia bima.

Vifaa: grainda ya Canada ni ya volti 120, huko ni 230. Iache. Za betri zinafaa, lakini betri husafiri kwenye begi la mkononi: ya volti 18 na ampea-saa 5 ni wati-saa 90 na inapita, ya 6 ni 108 na inahitaji kibali cha ndege, na chaja lazima iwe ya umeme wa huko. Chombo chochote cha waya saitini hubandikwa lebo ya ukaguzi kila miezi mitatu, rangi ikibadilika kwa msimu. Buti za kazi zisugue mpaka kwenye mifereji ya soli na uzitangaze uwanja wa ndege unapoingia. Udongo mkavu wa saiti ya Ontario unatosha kabisa kukuletea faini.